Ibn Khaldun, Mwanachuoni Aliyepima Utajiri wa Nchi kwa Kuwatazama Watu Wake

Siku ya kwanza ya mwezi wa Ramadhani, mwaka 732 wa Hijria, ambayo kwa hesabu ya Kizungu ni 27 Mei 1332, alizaliwa katika mji wa Tunis mtoto mwanamume akaitwa Abdulrahman. Ulimwengu unamjua kwa jina la babu yake wa kale, Ibn Khaldun. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, msafiri mashuhuri Ibn Battuta alikuwa katika pwani yetu hii. Alilala Mombasa usiku mmoja, kisha akatweka kwenda Kilwa. Ibn Khaldun mwenyewe hakukanyaga ardhi ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, msomaji wa Mombasa, Lamu au Malindi hapaswi kumwona kama mtu baki, kwani asili ya akina Khaldun ni Hadhramaut, ile ile nchi waliyotoka mababu wa nyumba nyingi za pwani. Tofauti ni kuwa wengine walifuata bahari kuja kusini, na wao walifuata majeshi kwenda magharibi hadi Andalusi.

Wengi wamekwisha kuandika juu yake kama mwanahistoria, na wengine kama kadhi. Leo nataka kumtazama kwa jicho moja tu, nalo ni jicho la hesabu ya watu. Alikuwa miongoni mwa wanachuoni wa mwanzo kabisa kueleza kwa hoja kwamba anayetaka kujua hali ya uchumi wa nchi asianze kwa kuhesabu dhahabu iliyo katika hazina. Aanze kwa kuwatazama watu: je, wanaongezeka au wanapungua, wanahamia au wanahama, na jasho lao linawarudia au linapotelea mbali? Mafunzo haya niliyaona kwa macho yangu katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, nilikokaa miaka kumi na tisa, tangu 1989 hadi 2008, nikiuza nguo na viatu. Basi makala haya yatakwenda njia mbili, moja ya Maghribi na moja ya Kericho, na msomaji aniwie radhi tukivuka kutoka huku kwenda kule.

UKOO NA TAUNI

Ukoo wa Khaldun ulikaa karne nyingi katika mji wa Ishbilia, ambao leo huitwa Seville. Walikuwa watu wa elimu na wa serikali. Ulipokaribia kutekwa na mfalme wa Castile mwaka 1248, walihama wakavuka bahari hadi Ceuta, na baadaye wakatua Tunis. Abdulrahman alikulia katika nyumba yenye vitabu. Alihifadhi Kurani, akasoma hadithi, sheria ya madhehebu ya Imam Malik, lugha, mantiki na hesabu. Maisha yake yangalikwenda kama ya kijana yeyote wa nyumba njema, lau si msiba ulioukumba ulimwengu.

Mwaka 1348 tauni kubwa ilifika Tunis. Ilikuwa ni tauni ile ile iliyoangamiza watu wengi mno kuanzia Asia hadi Ulaya. Kijana huyu alikuwa hajatimia miaka kumi na saba. Tauni ikamchukua baba yake na mama yake, na pamoja nao walimu wake wengi. Aliyaona masoko yakinyamaza na mitaa ikikosa watu. Baadaye aliandika jinsi miji ilivyobomoka, njia zikafutika, na dola na makabila yakadhoofika kwa sababu tu watu walikuwa wamepungua. Yakini yangu ni kwamba hapo ndipo mbegu ya fikira yake ilipopandwa. Mtu aliyeona mji ukiwa na watu, kisha akauona mji huo huo hauna watu, hawezi tena kudanganywa kuwa utajiri ni kuta na majengo.

MIAKA YA IKULU NA GEREZA

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika ikulu ya Tunis, akiandika kwa hati nzuri maneno ya kumshukuru Mungu yaliyowekwa juu ya barua za Sultani. Kazi hiyo haikumtosha. Akaenda Fez kwa Sultani Abu Inan, akapata cheo, lakini mwaka 1357 alishukiwa kushiriki njama, akatiwa gerezani. Alikaa humo karibu miaka miwili, akatoka pale tu Sultani alipofariki.

Mwaka 1362 alivuka kwenda Granada, akapokewa vyema na Sultani Muhammad wa Tano. Miaka miwili baadaye alitumwa ubalozi kwa Pedro, mfalme wa Castile, katika mji wa Seville. Hapo aliyaona kwa macho yake mahali walipoishi mababu zake. Mfalme alimwomba abaki, akaahidi kumrudishia mali ya ukoo wake. Ibn Khaldun akakataa.

Kutoka hapo alikwenda Bijaya, katika nchi ambayo leo ni Aljeria, akawa msimamizi mkuu wa serikali. Alipanda milimani kwa makabila ya Waberberi kukusanya kodi kwa ajili ya bwana wake. Kwa hiyo, alipoandika baadaye juu ya kodi hakuwa akiandika habari za kusikia. Aliziokota kwa mkono wake mwenyewe, na alijua sura ya mtu anayetozwa asichoweza. Bwana wake aliuawa vitani mwaka 1366, naye akaendelea kuhama kutoka kwa mtawala mmoja hadi mwingine. Wako wanaomlaumu kuwa alibadilisha mabwana kama mtu abadilishavyo kanzu. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini zama zake zilikuwa zama za dola zinazoinuka na kuanguka kama mawimbi, na yeye alikuwa ndani ya chombo.

NGOME YA IBN SALAMA

Mwaka 1375 alichoka. Akajitenga na siasa pamoja na watu wa nyumbani kwake, wakakaa katika ngome ya Ibn Salama, mashambani mwa Aljeria ya leo. Alikaa huko karibu miaka minne. Mwaka 1377, kwa muda wa miezi mitano tu, alimaliza rasimu ya kwanza ya kitabu chake kijulikanacho kama Muqaddima, yaani Utangulizi, kwa kuwa kilikusudiwa kuwa utangulizi wa historia yake kubwa ya ulimwengu.

Fikira yake ya msingi ni nyepesi kueleza. Mtu mmoja peke yake hawezi hata kujipatia mkate wa siku moja. Ngano inataka mkulima, inataka msagaji, inataka mkandaji na mwokaji. Na hao wote wanataka jembe, jiwe, chungu na tanuri vilivyotengenezwa na mhunzi, seremala na mfinyanzi. Lakini watu hao wakishirikiana, chakula wanachopata huwashibisha watu wengi kuliko wao wenyewe. Ile ziada inayobaki ndiyo utajiri. Kwa hiyo mji wenye watu wengi wanaofanya kazi huwa na ziada kubwa kuliko mji mdogo, na ziada hiyo huamsha kazi mpya za ufundi ambazo mji mdogo hauna haja nazo.

Ili kulithibitisha hilo, hakuchukua mfano wa wafalme. Alichukua mfano wa ombaomba. Alisema kuwa ombaomba wa Fez alikuwa na hali njema kuliko ombaomba wa Tlemcen au Oran, kwa kuwa Fez ilikuwa na watu wengi zaidi na kazi nyingi zaidi. Aliwaona huko, wakati wa Idi ya kuchinja, wakiomba bei ya mnyama wa kuchinja, jambo ambalo katika mji maskini lingeonekana ni kichekesho. Na kama ombaomba wako hivyo, seuze kadhi, mfanyabiashara na fundi.

Tusiifiche aibu iliyomo katika kitabu hicho hicho. Ibn Khaldun aliandika maneno mabaya juu ya watu weusi wa kusini, akidai kuwa joto la jua liliwafanya wepesi wa akili. Katika hilo alikosea kosa kubwa, hata kama alikataa ule uzushi kwamba weusi ni laana ya mwana wa Nuhu. Alihukumu nchi asizozijua kwa vitabu vya watu wa kale. Mahali alipotumia macho yake mwenyewe alisema kweli, na mahali alipotegemea ya kusikia alipotea. Hili nalo ni funzo.

NCHI YA CHAI

Sasa tupande bara. Kericho ni nyanda za juu magharibi mwa Kenya, ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri na chai huota kama zulia lisilo na mshono. Ni nchi ya Wakipsigis. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, serikali ya kikoloni iliwapa maafisa wa Kiingereza walioumia vitani ekari 25,000 huko wakalime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukafa. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni makubwa ya chai, Brooke Bond na African Highlands iliyokuwa ya James Finlay, yakaingia. Ardhi walikuwa nayo, mvua walikuwa nayo, mtaji walikuwa nao. Walichokosa ni watu.

Wakipsigis wengi, kwa kuwa na ng'ombe wao na mahindi yao, hawakuwa na haja ya kuinama katika shamba la mtu mwingine. Basi wafanyakazi wengi wakaletwa kutoka kwa Wajaluo, Wakisii na Waluhya. Wakajengewa kambi, ambazo huko huitwa laini, na kuzunguka kila laini kukazuka duka, soko, shule na zahanati. Mkate wa Ibn Khaldun ukawa kikombe cha chai: mchumaji anachuma majani mawili na kichipukizi, mwingine anapima uzito, mwingine anaendesha lori, kiwandani yananyaushwa, yanasagwa, yanachachushwa na kukaushwa, kisha yanateremka hadi kwetu Mombasa, ambako mnada wa chai ulihamishiwa kutoka Nairobi mwaka 1969. Mpakizi wa ghala la Shimanzi anakula riziki inayoanzia kidoleni mwa mchumaji wa Kericho, ingawa hawajapata kuonana.

Baada ya uhuru mlango mwingine ulifunguka. Wakati wa ukoloni Waafrika kwa muda mrefu walizuiwa kulima chai. Mwaka 1964 iliundwa mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, KTDA, na familia za Kericho na Bomet zikapanda vishamba vyao vya chai kando ya boma. Viwanda kama Litein, Kapkatet, Kapkoros na Tirgaga vikanunua majani yao. Hapo ndipo watu wa nchi yenyewe walipoingia katika ile ziada.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, basi na tufungue daftari la sensa. Wilaya ya Kericho, ambayo zamani ilikuwa pamoja na Bomet, ilikuwa na watu wapatao 479,000 mwaka 1969. Mwaka 1979 walikuwa kama 633,000, na mwaka 1989 walifika kama 900,000. Bomet ilimegwa ikawa wilaya mwaka 1992. Katika sensa ya 2019, kaunti ya Kericho ilihesabiwa watu 901,777 na Bomet watu 875,689. Ukijumlisha ni 1,777,466, karibu mara nne ya wale wa 1969.

Mtu mwenye haraka atasema: kama Ibn Khaldun ni mkweli, basi Kericho imekuwa tajiri mara nne. La, ndugu msomaji. Watu huongezeka kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa kuhamia: mtu mzima anakuja na mikono yake kwa sababu kazi ipo. Huyo ni dalili ya uchumi wa leo. Mlango wa pili ni wa kuzaliwa: mtoto anakuja na kinywa kwanza, na mikono yake itafuata baada ya miaka kumi na tano au ishirini. Huyo ni swali kwa uchumi wa kesho. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mama wa Kenya alikuwa akizaa kwa wastani watoto wanane. Kufikia 2022 wastani ulikuwa umeshuka hadi kama watatu na nusu hivi. Watoto wale wa miaka ya 1970 na 1980 ndio watu wazima wa leo, na shamba la chai la baba yao halikuzaa shamba jingine. Limegawanywa kwa wana, na wana wamewagawia wana wao, hata baadhi yao leo wana mistari ya chai ambayo mtu huihesabu akiwa amesimama mahali pamoja.

Mimi sikuwa na takwimu za serikali. Nilikuwa na buti za mpira. Mchumaji hawezi kuingia shambani na umande wa asubuhi bila buti, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi nilijua, kabla ya karani yeyote, kama wageni wameingia laini. Buti kubwa zikitoka kwa wingi, nilijua wanaume vijana wamefika kutafuta kazi. Viatu vidogo vya shule vikitoka, nilijua waliofika mwaka juzi wameamua kukaa, wameleta wake na watoto. Kati ya dalili hizo mbili, ya pili ndiyo iliyonifurahisha zaidi, kwani mtu haandikishi mtoto shule mahali asipopategemea.

BUNDI NA DHULUMA

Katika Muqaddima kipo kisa cha bundi ambacho Ibn Khaldun alikitoa kwa Al-Masudi, mwanachuoni aliyepata kusafiri hadi pwani ya Zanji katika karne ya kumi. Mfalme wa Uajemi alimsikia bundi akilia, akamuuliza mtu wake wa dini anasema nini. Akajibiwa kuwa bundi dume anaposa, na jike ametaka mahari ya vijiji ishirini vilivyohamwa ili apate pa kulia. Dume amekubali bila taabu, kwa kuwa mfalme huyu akiendelea kutawala hivi, ataweza kumpa hata vijiji elfu. Mfalme akazinduka, akawarudishia watu mashamba yao.

Maana yake ni kwamba dhuluma huonekana kwanza katika miguu ya watu. Kabla hazina haijapungua, watu huwa wameanza kuondoka. Ibn Khaldun alieleza kuwa kodi nyepesi huleta mapato makubwa kwa kuwa watu hupenda kufanya kazi, na kodi nzito huishia kuleta mapato madogo kwa kuwa watu hukata tamaa. Na katika dhuluma zote, aliihesabu kazi ya kulazimishwa kuwa miongoni mwa zilizo mbaya kabisa, kwa sababu kazi ya mtu ndiyo rasilimali yake. Ukimfanyisha bure, umemwibia mtaji wake.

Nilipolisoma hilo niliikumbuka historia ya mahali nilipokaa. Wafanyakazi wa mwanzo wa bara hawakwenda mashambani kwa mapenzi tu. Kodi ya nyumba na kodi ya kichwa zilitozwa kwa fedha, na fedha haikupatikana ila kwa mzungu. Katika miaka ya 1920 mwanamume wa Kiafrika alibebeshwa kipande shingoni ili asiweze kumkimbia mwajiri. Mwaka 1934 ukoo wa Talai, viongozi wa dini wa Wakipsigis walioogopwa na serikali, uliondolewa kwa nguvu ukapelekwa Gwassi karibu na ziwa. Anayeisoma sensa ya zamani ya Kericho bila kuyajua hayo ataona idadi tu. Hataona kuwa wengine walihesabiwa pale kwa sababu walisukumwa, na wengine hawakuhesabiwa kwa sababu walifukuzwa.

Na si wakoloni peke yao waliomfurahisha bundi. Mwaka 1992, na tena Januari 2008 baada ya uchaguzi, watu wa makabila mengine walishambuliwa. Wengi wa waliokuwa wakiishi katika laini za chai walikimbilia vituo vya polisi na magodoro yao kichwani, wakapakiwa malori kurudi makwao. Miongoni mwao walikuwemo waliozaliwa Kericho na ambao kwao ni pale pale. Wiki ile sikuuza jozi moja ya buti. Viatu vya shule nilivyoviagiza kwa ajili ya muhula mpya vilibaki ndani ya maboksi yao. Chai yenyewe haikukimbia. Ilizidi kuota juani na mvuani, majani yakarefuka yakakomaa, yasifae tena. Nikafahamu maana ya kusema kuwa ardhi haina thamani mpaka apatikane mtu wa kuigusa.

MISRI, BAHARI NA TIMUR

Turudi kwa sheikh wetu. Mwaka 1382 aliaga Tunis kwa nia ya kwenda Hija, akafika Iskandaria, kisha Kairo. Aliuona mji huo ukiwa na watu wengi kupita yote aliyowahi kuona, na ndani yake akaikuta dalili ya kila alichokiandika. Sultani Barquq alimpa ualimu, na mwaka 1384 akamfanya kadhi mkuu wa Kimaliki. Alikuwa mkali kwa wala rushwa na mashahidi wa uongo, na kwa hiyo hakukosa maadui. Aliuzuliwa na kurudishwa mara kadhaa hadi mwisho wa maisha yake.

Mwaka huo huo wa ukadhi lilimfika pigo la pili la maisha yake. Watu wa nyumbani kwake walipanda merikebu kutoka Tunis kumfuata, na merikebu ikazama karibu na Iskandaria. Aliyepoteza wazazi kwa tauni sasa alipoteza jamaa zake kwa bahari. Mwaka 1387 alikwenda kuhiji.

Mwanzoni mwa 1401 alikuwa ndani ya Damaski, mji uliokuwa umezingirwa na Timur, mshindi aliyetoka Asia ya Kati. Mzee huyu wa miaka karibu sabini aliteremshwa ukutani kwa kamba ili akamwone. Timur alimhoji juu ya nchi za Maghribi, naye akamwandikia maelezo yake. Akasalimika, lakini Damaski ilitiwa moto na mafundi wake wakachukuliwa kupelekwa Samarkand. Tazama jambo hilo kwa makini: Timur naye alilijua somo la Ibn Khaldun. Alijua kuwa utajiri wa mji ni mikono ya watu wake. Ila yeye alichagua kuwateka.

Ibn Khaldun alifariki Kairo, 26 Ramadhani mwaka 808, yaani 17 Machi 1406, siku chache tu baada ya kuteuliwa kadhi kwa mara ya sita. Akazikwa katika makaburi ya masufi nje ya Bab al-Nasr. Hakuwahi kuonja chai. Leo Misri ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa chai ya Kenya, na hapana shaka majani ya Kericho huchemshwa usiku wa Ramadhani karibu na mahali alipolala.

MASHINE NA KIPIMO KIPYA

Limebaki swali moja ambalo yeye hakukutana nalo. Katika miongo miwili iliyopita mashine za kuchuma chai zimeingia katika mashamba makubwa ya Kericho na Bomet. Mashine moja hufanya kazi ya watu wengi, na wenye mashamba husema bila hiyo gharama haziwezekani. Wafanyakazi wamepinga kortini na barabarani, na Mei 2023 mashine kadhaa ziliteketezwa kwa moto huko Kericho. Mimi siungi mkono kuchoma mali ya mtu. Lakini nataka tuelewe kilichokuwa kikiungua.

Zamani kilo za chai na idadi ya watu zilipanda na kushuka pamoja, kama sahani mbili za mzani zilizofungwa kwa kamba moja. Mashine imeikata kamba hiyo. Sasa shamba linaweza kutoa chai nyingi ilhali laini ni tupu. Anayehesabu kilo atasema uchumi ni mzuri. Anayehesabu viatu vya shule atasema vingine. Je, fikira ya Ibn Khaldun imekufa?

Nadhani bado i hai, maadamu tunaisoma hadi mwisho. Yeye alisema pia kuwa fedha inayozuiliwa kwa mkubwa mmoja isirudi kwa raia huufanya mkono wa soko kupooza, kwa sababu mzunguko umekatika. Mshahara wa wachumaji mia hurudi jioni ile ile kwa muuza unga, fundi cherehani, mwenye matatu na muuza buti. Gharama ya mashine moja huenda kwa aliyeiunda, aghalabu ng'ambo. Kilo ni zile zile, ila kituo chake kimebadilika. Ndiyo maana vijana wa Kericho na Bomet, wenye mistari michache ya chai na bonasi ambayo aghalabu huwa ndogo kuliko ile ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa, hushuka Nairobi, huja Mombasa, na wengine hufika hadi nchi za Ghuba.

Kwa hiyo sensa nyingine itakapokuja na karani akabisha hodi, tusiishie kuuliza tumekuwa wangapi. Tuulize waliokuja walikuja kwa hiari au kwa kulazimishwa, waliozaliwa wana pa kushika, na walioondoka walikimbia nini. Watu wa pwani nasi tunalo la kujifunza, kwani bandari yetu nayo imeletewa mitambo, na vibarua wetu nao wana watoto wa kuvisha viatu. Ibn Khaldun, Mwenyezi Mungu amrehemu, alitufundisha kuwa wingi wa watu ni neema pale mikono yao inapopata kazi na kazi yao inapopata haki. Likikosekana moja katika hayo, bundi hahitaji kuitwa, atakuja mwenyewe.